Maji Kwenye Mafuta

Tangu ndege ndogo ilipoanguka nyuma ya soko na kumuua rubani Zakayo pamoja na abiria wake, hakuna jirani aliyekanyaga barazani kwa mjane wake, Tunu. Mji mzima ulisema rubani alirusha ndege akiwa amelewa.

Asubuhi moja mchunguzi wa ajali alibisha hodi.

“Mama, tumemaliza kazi. Mafuta waliyomjazia yalikuwa yameingia maji, injini ikazimika angani. Mumeo hakuwa amegusa pombe.”

“Watu umewaambia?”

“Nimeanza na wewe.”

Alipoondoka, Tunu alitamani kumsimulia mtu, lakini aliyezoea kumsimulia kila jambo alikuwa kaburini. Akabandika sufuria kubwa ya wageni, akapika chai ya tangawizi, akapanga vikombe vyote barazani na kuvijaza.

Ng'ambo ya njia, Mama Shangwe alikuwa akifagia. Mwanawe alikuwemo kwenye ndege ile.

“Jirani,” Tunu aliita. “Karibu chai.”

Ufagio ukasimama. Mama Shangwe aliinua uso, akavitazama vile vikombe vilivyokuwa vikifuka moshi, kisha akauegemeza ufagio ukutani.