Ijumaa ya Marehemu

Enzi hizo nyumba ilirithiwa na mjane aliyesifiwa zaidi katika shajara ambayo marehemu aliiacha kwake, na mashine ya mtaa ndiyo iliyoamua. Wivu ukamtuma Msimu, mke mdogo, aghushi mwandiko wa mumewe: "Ijumaa hii nimelala kwa Msimu, kipenzi changu."

Bi Raya, mke mkubwa, akaangua kicheko. "Mwizi wee! Ijumaa ile ilikuwa zamu yangu. Hata kughushi hujui?"

Mashine, iliyohifadhi nyayo za kila mtu, ikasema kwa upole: "Ni uongo. Usiku huo marehemu hakulala kwa yeyote kati yenu."

Kicheko kikakatika. "Aliniaga anakwenda kukesha msikitini," Bi Raya akanong'ona.

"Mjane wa tatu aingie na shajara yake," mashine ikaita.

Kwa mara ya kwanza, Msimu akamshika mke mwenzake mkono.