Damu Kwenye Herufi

Makame alikita kisu mezani, akaweka sarafu kando yake. Ilikuwa imejaa damu mbichi.

"Sikuiosha, Bi Zawena. Si ulisema ikioshwa inashuka bei?"

"Damu ya nani hiyo?"

"Ya kaka Shaame. Aliifumbata, hataki kuiachia, nikamkata vidole. Tazama, kila herufi imejirudia. Hiyo ni nyumba mbili za mawe!"

Bi Zawena, sonara mzee, aliisogeza chini ya lenzi. Sarafu adimu, ile ambayo muhuri wenyewe wa kuigongea ulichongwa mara mbili, herufi zake huwa nene na pembe zake hugawanyika. Hizi zilikuwa nyembamba. Zilikuwa zimesukumwa upande, zikaacha ubavuni sehemu bapa kama kibaraza cha nyumba, na damu ilikuwa imetuama hapo.

"Muhuri wake hauna kasoro, mashine ilitikisika tu ilipoigonga, mwanangu. Nenda kanunulie kiberiti, haizidi hapo."

Makame aling'oa kisu, akamwekea shingoni. "Tazama tena."

Bi Zawena akatazama tena. Kibaraza kilikuwa palepale.

Ndipo mlango ulipogongwa, polepole, kwa kiwiko.