Kengele ya Maangamizi

Kengele ya kuangamiza dunia ililia jikoni, juu ya rafu ya vikombe. Ikanyamaza kidogo, kisha ikalia tena.

Mpishi aliacha kumenya vitunguu, akabandika birika motoni. Nyuma yake mdogo wake, fundi umeme wa ikulu, alichomoa kichwa kutoka ndani ya friji aliyokuwa akiitengeneza.

"Dada, imelia mara mbili."

"Nimesikia. Sina pamba masikioni."

"Haijawahi kulia mara mbili."

"Basi leo amekasirika maradufu. Nipe sukari."

Dari ilitikisika kwa vishindo. Ndivyo taratibu zilivyoagiza: Mkuu akibonyeza kitufe chekundu, watu wote wakimbilie handakini. Mawaziri walikimbia, walinzi walikimbia, na mbele yao wote alikimbia daktari, ambaye siku nyingine alilalamikia magoti. Watu wa jikoni hakuna aliyewakumbuka. Baada ya muda waliokimbia wangetoka wakijipangusa vumbi, na redio ingetangaza kwamba Mkuu, kwa huruma yake, ameisamehe dunia kwa mara nyingine.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la fundi. Miaka ya nyuma alipewa kazi ya kubadilisha waya wa kile kitufe, ule ulioteremka hadi kwenye ghala la makombora ya nyuklia. Moyoni alikataa kuufikisha huko. Kuukata tu asingeweza, maana usipounganishwa na kitu kinachofanya kazi, taa ya kijani mezani kwa Mkuu haiwaki. Akatafuta kitu cha karibu kinachofanya kazi, akapata kengele ya zamani jikoni kwa dada yake.

Siku ilipolia mara ya kwanza, ndugu hao walitazamana wakajua wamekwisha. Mkuu angekaa kule juu akisubiri mlipuko, asiusikie, kisha angeuliza ni nani aliyefunga waya. Mpishi hakuwa na la kufanya ila lile alilolijua. Alipika chai ya maziwa, akaitia sukari kwa fujo kama anavyotiliwa mtu aliyepata mshtuko, akapanda nayo ngazi.

"Nimeona umechoka, Mkuu," alisema.

Mkuu alikitazama kikombe. Akakitazama kitufe. Akakitazama kikombe tena.

"Kweli, mama," alisema. "Nimechoka."

Akanywa mpaka tone la mwisho, na dunia ikapona.

Tangu hapo hiyo ikawa kazi ya siri ya mpishi, na moyoni aliionea fahari. Kengele ya kawaida, ile ya mlangoni, iliita maji ya uvuguvugu na biskuti kavu, kwani daktari alikuwa amempiga marufuku Mkuu kugusa sukari, na kila sinia daktari huyo aliionja mwenyewe kabla haijapanda. Kengele ya juu ya rafu iliita chai. Wakati wa baridi ililia zaidi.

Huko nje wakubwa wa dunia walibishana redioni kuhusu la kumfanya Mkuu. Wengine walitaka abanwe asipate hata chumvi. Wengine walitaka apigwe kabla hajapiga. Wengine walisema apewe chochote anachotaka mradi anyamaze. Mpishi aliwasikiliza akicheka kimoyomoyo, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutaja chai.

Lakini leo hakukuwa na la kuchekesha. Leo mjumbe wa hao wakubwa alikuwa juu, ana kwa ana na Mkuu, na Mkuu alikuwa ameapa redioni kwamba mgeni huyo akimjibu ovyo atabonyeza mbele ya macho yake.

"Dada, usiende," fundi alisema. "Ukiingia na sinia, yule mgeni ataelewa kila kitu. Mkuu ataaibika mbele ya mtu wa nje. Hatutaiona kesho."

"Na nisipoenda?"

Fundi alifikiri. "Ataniita nikirekebishe kitufe."

"Halafu?"

"Halafu hatutaiona kesho."

"Basi acha nife nikiwa kazini. Na wewe funga hiyo friji, baridi yote inatoka."

Alimgusa shavu kama alivyokuwa akimfanyia utotoni, akageuka haraka machozi yasije yakaonekana, akabeba sinia. Aliogopa. Kikombe kiligongana na kisahani chake ngazi nzima. Korido zilikuwa tupu, na katikati ya zulia kiatu kimoja cha waziri kilikuwa kimebaki peke yake.

Aliusukuma mlango kwa kiwiko. Mjumbe alikuwa chini ya meza, mikono kichwani, macho ameyafumba, anasali kwa lugha yake. Mkuu alikuwa ametulia kitini. Ramani za vita alikuwa amezisogeza pembeni, mbele yake pakabaki peupe.

Mpishi aliweka sinia pale.

"Nimeona ume..." alianza.

Mkuu alikitazama kikombe, kisha akamtazama yeye, akakunja uso. Akainama karibu na sikio lake ili aliye chini ya meza asisikie.

"Mama," alinong'ona, "nimebonyeza mara mbili. Sasa mgeni atakunywa nini?"