Kiroba cha Mbolea

Mama yao alikuwa na siku ya tatu hajala. Alichotamani ni uduvi tu. Mwanamize na mdogo wake, Siti, wakatanda shuka pale mto unapoingia baharini, kama alivyowafundisha. Maji yalikuwa ya kijani, mazito kama mlenda. Walipoliinua, shuka lilikuwa zito kwa madonge laini ya utelezi, yenye kuwasha.

"Konyeza watupu, dada," Siti alisema, akijikuna mikono iliyowashwa. "Uduvi umekwenda wapi?"

Mwanamize alikikunja kiroba walichokuja nacho. Kilikuwa cha mbolea, ile aliyozimwagia nyanya zake bila kipimo kule juu ya mto. Bwana shamba alimwonya: mvua ikiisomba, huku chini watastawi konyeza tu. Mwanamize alimcheka.

"Tutande tena," alisema.

Nyumbani, mama alikuwa ameshaomba sufuria ibandikwe.