Jiko la Mwezi wa Saba

Nje joto lilikuwa digrii arubaini na tatu, na Bi Kheiria kapiga magoti chumbani kwake anawasha jiko.

Alichota kopo la punje za mbao kutoka gunia lililokuwa chini ya kitanda, akazimimina kwenye kisanduku cha juu ya jiko, akangoja moto ushike, kisha akanyoosha viganja. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata tasbihi ikimponyoka.

Nyumba yake ya Al Khuwair, Maskati, ilikuwa na AC moja ya nyumba nzima, na kidude cha kuiongozea kilikuwa ukutani, ukumbini. Tangu mwezi wa sita kilisimama kwenye digrii kumi na sita. Aliyekiweka hapo ni yeye mwenyewe, siku mwanawe Yaarub alipomleta mkewe, Jumana, kutoka Uswidi. Wazee wa Jumana ni watu wa Unguja kama wao, lakini mtoto kazaliwa kwenye theluji, kakulia kwenye theluji. Pale mlangoni pa uwanja wa ndege alisema "Uff!" mara moja tu, akajipepea kwa pasipoti. Bi Kheiria akaisikia. Tena Jumana alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na mwenye mimba joto lake ni la watu wawili.

Makubaliano yalikuwa wakae miezi mitatu, halafu Jumana mwenyewe aseme: wahamie Maskati, au warudi. Bi Kheiria, mjane wa mwaka wa tisa katika nyumba ya vyumba vitano, hakuwa na dua nyingine. Mjukuu azaliwe hapa, vishindo vyake visikike humu ndani. Ikiwa kupata hayo ni kutetemeka, basi atatetemeka.

Jiko alilipata kwa nduguye Murshid, mwenye karakana Darsait. Lilikuwa la mtu mmoja mwenye nyumba Jabal Akhdhar, kule milimani kwenye baridi ya kweli, na mwenyewe kalikataa. Lilikula vumbi la mbao lililoshindiliwa likawa punje ndogo ndogo, mithili ya chakula cha kuku.

"Da Kheiria, Maskati hii? Mwezi wa saba?" Murshid alimtazama kama anayefikiria daktari wa kumpeleka. "Watu wanakaanga mayai juu ya magari, wewe wataka kuota moto?"

"Lete jiko, usilete maneno."

Akaja kulifunga mwenyewe. Bomba la moshi alilipitisha kwenye tundu la AC ya zamani ya dirishani. Akiwa nje jasho linamchuruzika, akiingia ndani meno yanagongana.

Gunia la kwanza Bi Kheiria aliliweka uani. Unyevu wa Maskati ukalikuta huko, na asubuhi punje zote zimevimba, zimekuwa uji wa mbao. Tangu hapo kuni zililala ndani kama wageni: magunia mawili chini ya kitanda, moja kabatini kati ya makanga, moja nyuma ya mlango, chini ya buibui lake.

"Mama, unafuga kuku chumbani?" Yaarub aliuliza alipoona punje zimetapakaa kizingitini.

"Nafuga adabu yangu. Pita zako."

Siku nyingine akamkuta Yaarub huyo huyo ukumbini, kidole kwenye kidude, anataka kupandisha mpaka ishirini na nne. Akampiga kofi la mkononi.

"Usiguse! Mimi ndivyo nnavyopenda."

"Wapenda hivi, Mama? Kweli?"

"Bila ya baridi hii sipati usingizi."

Halafu akaingia chumbani, akafunga mlango, akaomba maghufira, maana ule ulikuwa uongo mtupu. Akatia kopo jingine.

Kwa Jumana hakuona dosari. Mtoto yule kalelewa. Kila akimwuliza, "Wasikia joto, mwanangu?" humjibu, "Hata kidogo, Mama. Alhamdulillah." Ana mambo yake ya kikwao, kweli, kama zile soksi za sufu kutwa. Lakini mchapakazi! Adhuhuri, jua la kuangusha ndege, yeye yuko juu ya paa anaanika nguo moja moja, wala hana haraka ya kushuka. Bi Kheiria humwombea Mungu kwa kujitahidi vile.

Siku moja Jumana alikuja kubisha chumbani. "Mama, naomba nikae na wewe kidogo."

Bi Kheiria akafungua mlango upenyo tu. Hewa ya jiko ikampiga msichana usoni. Naye akafumba macho, akaegemea mwimo wa mlango.

"Masikini, joto limemlevya!" Bi Kheiria akamshika bega mbio mbio, akamrudisha ukumbini, akamkalisha chini ya tundu linalopuliza kuliko yote. "Kaa hapa, mwanangu, upumue."

"Ahsante, Mama."

Miezi mitatu ikatimia siku ya Ijumaa. Baada ya chakula Yaarub alibaki anaitazama sahani yake tupu. Jumana akainuka, akaja kukaa karibu na mkwewe, akambusu mkono.

"Mama, usije ukaniona sina shukrani. Mkwe kama wewe sijapata kumwona. Lakini nshamwambia Yaarub. Mtoto nitakwenda kumzalia Uswidi, na huko huko tutakaa."

Bi Kheiria akamgeukia. "Uswidi? Kwenye theluji ile, na kitoto kichanga?"

"Ndiyo, Mama." Jumana alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. "Kule baridi tunaiacha nje."