Springi za Zamzam

Mwaka jana gari la mashindano la Zamzam lilimfia kwenye mlima wa mwisho, kwa sababu springi kuukuu za valvu zililegea. Safari hii Badi, mumewe, alimletea springi ngumu kuliko zote dukani.

"Hizi hazilegei," alisema.

Zamzam alizibana kwenye jiriwa, akazirudisha. "Zitakwangua kemshafti, ule mtaimbo unaosukuma valvu, mume wangu. Niletee za wastani."

"Zikikuangusha tena?"

"Nitashuka kwa miguu."

Siku ya mashindano, pale pale mlimani, alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikalia kwa sauti ya juu wala haikukatika. Akampita mmoja, akampita na aliyeongoza, na mbele yake ikabaki barabara isiyokuwa na vumbi la mtu.