Sauti ya Juu ya Paa

“Mwachie apite,” ilisema sauti ya Arvel masikioni, na Verlon Stamey, kwa mazoea ya miaka mingi, akalegeza mguu. Gari jekundu likampita kwa ndani na kwenda kushinda raundi ya kwanza ya mchujo. Verlon alimaliza wa pili, na wa pili hakuwa na chake.

Mbio kubwa ya jioni hapo Brushy Fork, kwenye vilima vya Karolina ya Kaskazini, ilikuwa ya maonyesho tu, haina pointi. Lakini walioalikwa ni washindi wa msimu uliopita. Wengine wote walipewa raundi tatu fupi za mchujo, na seti moja tu ya matairi kwa zote tatu, na kila raundi ilimwingiza mtu mmoja. Verlon alikuwa anaukaribia umri wa miaka arobaini, na tajiri wake alishatangaza kwamba msimu ukiisha anafunga gereji. Asipoonekana jioni hiyo, nani angemkumbuka tena?

Ndani ya gari la aina ile dereva haoni ubavuni. Macho yake ni mtu anayesimama juu ya paa la jukwaa na kumwambia kwa redio: kulia kweupe, kushoto kuna mtu, subiri. Macho ya Verlon yalikuwa kaka yake. Arvel ndiye aliyemfundisha kushika usukani kwenye shamba la baba yao, na ndiye aliyewahi kumchomoa ndani ya gari linalowaka. Verlon alikuwa akisema kwamba Arvel akimwambia ukuta umehama, atapita palepale ulipokuwa.

Asubuhi ile, wakila mikate ya ini la kusaga na haradali, fundi mkuu Hoyle alimvuta pembeni. Alisema hapendi umbea, kisha akaumwaga. Alikuwa amemwona Arvel nyuma ya trela la Bi. Gaddy, mjane mwenye magari mekundu, aliyekuwa akitafuta watu wa msimu ujao. Na haikuwa mara ya kwanza.

“Wamepeana mikono,” Hoyle alisema. “Mimi sisemi kitu. Nasema nilichoona.”

Verlon alicheka wakati ule. Sasa, akilisogeza gari polepole kurudi kwa mafundi, hakucheka. Gari jekundu ndilo aliloambiwa aliachie njia. Akabonyeza redio, akauliza ile ilikuwa nini. Arvel akajibu:

“Redio ina masikio mengi, mdogo wangu. We niamini.”

Raundi ya pili alimwamini. Gari lilikuwa jepesi, injini inaimba, na mbele yake kulikuwa na mwanya ambao hata bibi yake angepita. Arvel akamwambia atulie nyuma, asimkimbize mtu. Alitulia. Akamaliza wa nne, watu jukwaani wakimzomea kwamba mzee amekuja kutalii.

Kabla ya raundi ya mwisho alinyanyua macho kwenye paa. Kaka yake hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa ameelekea kwenye kivuli walikokaa matajiri wenye magari, mkono umeinuliwa, na kule chini Bi. Gaddy naye akainua wake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa masikioni. Verlon angeweza kumsamehe mtu mwingine yeyote.

Bendera ya kijani ikapeperushwa. “Haya, mdogo wangu, sasa...” Arvel alianza, na Verlon akaung’oa waya wa redio.

Aliendesha kama kipofu, kwa hasira. Walio mbele walikuwa wakiteleza kwenye kona kama wamekanyaga sabuni. Gari lake likashika lami, akawapita mmoja mmoja, kwa nje, kwa ndani, akimkwaruza wa mwisho ubavu. Jukwaa lililomzomea likasimama. Alikata mstari peke yake, akilia ndani ya helmeti.

Alipotoka garini, Arvel alikuwa ameshashuka na anamjia mbio, mikono imefunguka, uso wote ni meno.

“Umeniuza,” Verlon alimwambia, mbele ya mafundi na waandishi.

Arvel akasimama.

“Umenishika miguu mara mbili ili yule mwanamke afaidi. Nenda kwake. Usipande paa kwa ajili yangu tena. Na Jumapili kwa mama, ukiniona nimekuja, wewe ondoka.”

Arvel akamtazama Hoyle aliyekuwa akijifanya anafuta spana. Akavua vifaa vya masikioni, akavilaza juu ya boneti taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akaondoka kuelekea maegesho. Hakugeuka nyuma.

Verlon alikuwa bado amesimama palepale Bi. Gaddy alipofika, mkono mbele, akitabasamu. Alimwandalia tusi, lakini mama huyo akamtangulia kusema.

“Hongera, kijana. Arvel aliniapia kwamba utayatunza matairi mpaka raundi ya tatu, halafu hakuna atakayekugusa. Nikamwambia nikiliona hilo kwa macho yangu, sina neno tena. Yuko wapi?”

“Nimemfukuza.”

 Mkono wa Bi. Gaddy ukashuka.

“Mimi nilikuwa namtaka yeye,” alisema. “Nimembembeleza mwezi mzima, na jibu lake ni moja tu: haji popote bila wewe. Leo ndiyo nilikuwa nimekubali kuwachukua wote wawili.” Akatazama upande wa maegesho, ambako gari lilikuwa likiwashwa. “Kumbe hamko pamoja tena.”

Kisha akageuka, akakaza mwendo kumwahi Arvel kabla hajafika getini.